Miaka Yangu ya Mikeka na Kizimba

Wadogo zangu mnaofanya mazoezi pale Kahororo mmeniomba niwaandikie habari za kazi yangu, kwa kuwa nimestaafu na, kama alivyosema mmoja wenu, "mama sasa ana nafasi." Nafasi ninayo. Kibanja cha marehemu baba huko Buhembe kinataka palizi, migomba inataka kupunguzwa majani, na ng'ombe wetu mmoja ananichukia, lakini ukiacha hayo nina nafasi. Medali sitaziandika, maana mmeziona ukutani na baadhi yenu mmeniuliza kama ni za shaba au za bati. Malipo nayo nitayaruka, kama yenyewe yalivyozoea kuniruka. Nitaandika kazi.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na sita. Mwalimu Rweyemamu alikuwa askari magereza mstaafu aliyefundishwa judo kazini, akarudi nyumbani nayo na kukuta hakuna anayeihitaji. Akaomba ghala la kahawa lililoachwa pale Kahororo, akafagia kinyesi cha popo, akatandika mikeka. Nasema mikeka kwa heshima. Yalikuwa magunia ya kahawa yaliyojazwa majani makavu ya mgomba na kuunganishwa kwa kamba ya katani. Ukianguka vizuri magunia yalitoa vumbi. Ukianguka vibaya, yalitoa vumbi na wewe ukatoa sauti.

Siku ya kwanza nilimkuta ameketi mlangoni akishona gunia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kufanya nini?"

"Kujifunza kupiga watu."

"Watu gani?"

Sikuwa nimewachagua. "Wote," nikasema.

Alikata uzi kwa meno. "Wote ni wengi. Utachoka, utaanguka. Tuanzie hapo."

Tukaanzia hapo kwa miezi mitatu. Kuanguka nyuma, kuanguka ubavu, kuanguka ukiwa unakimbia. Kidevu kifuani, mkono upige mkeka kabla mgongo haujafika. Siku moja niliporudi nyumbani nina vumbi hadi masikioni, Mawe, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kihaya, aliniuliza kama kuna ada. Nikamwambia hakuna.

"Kwa hiyo hapo watu wanaanguka bure?" akasema. Tangu siku hiyo hadi leo hajaniuliza swali jingine lenye akili zaidi kuhusu mchezo huu.

Mwaka wa tatu nilikwenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya taifa. Katika uzito wangu tulikuwa wanawake watatu. Mmoja aliamka na malaria. Wa pili nilimpandisha nyongani nikamlaza chini kabla hajamaliza kufunga mkanda wake sawasawa, nikawa bingwa wa nchi kwa kazi ya dakika isiyotimia. Sisi Wahaya hatuna desturi ya kupunguza habari njema. Niliposhuka stendi ya Bukoba nilikuwa bingwa wa taifa. Nilipofika Buhembe nilikuwa bingwa wa Afrika Mashariki. Jumapili baada ya misa nilimsikia baba akimweleza katekista kwamba Wajapani wametuma mtu kuja kunichunguza.

Nisiwe mwongo upande wa pili pia. Nilirudi Dar mara tatu zaidi, wapinzani wakaongezeka kila mwaka, na wote niliwatupa. Nilikuwa na mtupo mmoja wa nyonga ambao Mwalimu alinifanyisha hadi nikawa naufanya nikiwa nachota maji. Mnaotaka mitupo ishirini, nawatakia safari njema. Mimi nilikuwa na mmoja, na kila mtu alijua unakuja, na ulikuja.

Kisha judo yenyewe ikaanza kukauka. Mashindano yakaahirishwa, yakaahirishwa tena, halafu wakaacha hata kutuandikia kwamba yameahirishwa. Ndipo akatokea promota Justus, kijana wa Muleba aliyekaa Mwanza miaka michache akarudi na miwani ya jua na neno "burudani". Alinialika soda katika hoteli moja karibu na ziwa, akanieleza habari za mapigano mseto, yale mnayoyaita MMA, ngumi na mateke na mieleka ndani ya kizimba kimoja.

"Dada Koku, judo imekufa," akasema. "Watu siku hizi wanataka damu."

"Damu ya nani?"

"Ya mwenzako," akajibu, upesi mno.

Nilikubali. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na mwili uliofundishwa kazi moja tu. Kumwambia mwili kama huo ukapalilie kahawa ni kuutukana. Justus akanitafutia jina la ulingoni. La kwanza lilikuwa Malaika wa Kifo, lakini Mawe alisema mtoto wake amebatizwa Kokushubila Anastazia na malaika wa aina hiyo hamfahamu. Likaja la pili, Senene wa Chuma. Senene ni panzi tunaowakaanga na kuwala kwa furaha kubwa. Sikuelewa ni sifa gani kuitwa kwa jina la kitu ambacho kila mtazamaji alikuwa amekwisha kukila, lakini mabango yalikuwa yameshachapwa.

Nilikwenda kumuaga Mwalimu. Alinisikiliza akiwa anafuta miwani yake.

"Kule mnainamiana kabla ya kuanza?"

"Hapana, Mwalimu."

"Sasa mnajuaje kuwa mmeanza?"

Akavaa miwani, akageukia wanafunzi wake, na hakunisemesha kwa miaka miwili. Tulipishana sokoni, kanisani, hata kwenye msiba mmoja wa Ijuganyondo ambako tulibeba jeneza moja, yeye mbele kulia, mimi nyuma kushoto.

Sasa vifaa, maana ndivyo mnavyovipuuza. Kinga ya meno hulainishwa kwa maji moto, si kwa maji yaliyochemshiwa ndizi. Yangu ya kwanza ilibaki na ladha ya chumvi na kitunguu kwa msimu mzima. Glovu za kuazima zikaushwe juani, kwa sababu zina jasho la watu msiowajua na msingependa kuwajua. Nywele zisukwe, zikazwe. Kucha zikatwe, za miguu pia. Na usile ndizi za kupika ndani ya saa nne kabla ya pambano. Ngumi ya tumbo haina heshima kwa chakula cha mama yako.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa kujifunza upya umbali. Judo ilinilea kumkaribia mtu na kumkumbatia. Katika ngumi, mtu unayemkaribia ana maoni yake. Pambano la kwanza nilipigwa pua mara nne nikiwa njiani kwenda kumshika mwenzangu, na nilipofika nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba nilimtupa mara mbili, mara ya pili bila sababu. Nikashinda. Nikashinda mengine manne. Kizimba chetu kilizungushiwa waya wa banda la kuku, na Justus aliwaambia waandishi ni wa kimataifa. Labda kuku nao wana mataifa yao.

Pambano la sita lilikuwa Muleba, uwanja wa mpira, mchana wa Jumamosi. Mpinzani wangu aliitwa Pendo, mponda kokoto kutoka Geita. Mfupi, mabega mapana, mikono imejaa makovu madogo ya vipande vya mawe. Tulipimwa uzito kwenye mizani ya kahawa, na karani wa mizani, kwa mazoea, aliuliza kama tumekauka vizuri. Daktari wa pambano alikuwa muuza duka la dawa. Alituuliza, "Mnajisikiaje?" Tukasema, "Salama." Akaandika salama. Mwamuzi alikuwa refa wa mpira wa miguu, mtu wa heshima kabisa, mwenye filimbi shingoni na kadi mbili mfukoni.

Nilimsalimia Pendo. Aliitikia bila kuniangalia. Alikuwa anautazama ule waya kama mtu anayetafuta mlango.

Raundi ya kwanza alinipiga vizuri. Ya pili nikampata kwa mtupo wangu, tukaanguka pamoja, na kabla hajajua yuko wapi nilikuwa nimeushika mkono wake wa kulia. Niwaeleze wasiojua: mkono wa mwenzako unakuwa katikati ya mapaja yako, kiwiko chake juu ya nyonga yako, wewe umelala chali, na ukiinua nyonga kidogo tu kiwiko kinakwenda upande ambao Mungu hakukipangia. Ukifika hapo pambano limekwisha. Aliyeshikwa anapiga mkono wake mwingine chini mara mbili tatu, unamwachia, mnapeana mikono.

"Piga!" nikamwambia.

Hakupiga.

"Piga, dada! Piga upesi!"

Aliniangalia kwa macho makubwa, meno yameng'ata ile kinga, jasho linamtiririka. Nikainua nyonga kidogo. Nikausikia mkono unakaribia mwisho wake.

"Refa!" nikapiga kelele. "Simamisha!"

"Chezeni!" akasema refa, akarudi nyuma hatua mbili kutupa nafasi.

Uwanja mzima ukawa unaimba, "Vunja! Vunja!" Kwenye mstari wa mbele alikuwapo mama mmoja mwenye rozari shingoni, na sauti yake ilizidi ya wote. Justus alikuwa anapiga makofi juu ya meza. Mimi nikiwa chini pale niliona yale makovu ya mawe kwenye ngozi yake, karibu kabisa na uso wangu. Nikafikiri, huyu mkono huu ndio shamba lake. Nikafungua mapaja, nikauachia.

Ngumi iliyofuata sikuiona. Ilinipata jicho la kushoto. Nilianguka vizuri, kidevu kifuani. Refa akapiga filimbi, na kwa mazoea akaonyesha katikati ya uwanja.

Jumatatu Justus alikwenda redioni akatangaza kwamba Senene amekaangwa kwa sababu ya woga. Jumanne nilikuwa mbele ya daktari wa macho, wa kweli safari hii. Alisema pazia la ndani ya jicho limechanika. Nikapelekwa Mwanza kufanyiwa upasuaji, nikarudishwa Bukoba kupumzika hospitalini. Daktari akaniambia kupigana basi. Nikamwitikia vizuri sana. Kuitikia nilifundishwa nyumbani.

Nikiwa bado wodini na bandeji, nilisikia mtu ananisogezea kiti. Nilimtambua kwa kikohozi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wameniambia ulikuwa umeushika mkono."

"Nilikuwa nimeushika."

"Ukauachia."

"Niliuachia, Mwalimu."

Nikangoja. Nakiri nilikuwa nimejiandaa kusifiwa. Miaka miwili ya kimya, jicho moja limefungwa, nikajua sasa mzee atasema neno nitakalozikwa nalo.

"Uliuachia vibaya," akasema. "Ukimwachia mtu, unamsukuma kwa mguu, unainuka, unainua mikono, ndipo unamhurumia. Wewe ulimhurumia ukiwa umelala chali. Nani alikufundisha hivyo?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Nashukuru. Maana watu watadhani ni mimi." Akaweka machungwa mezani, akakaa hadi saa za kuona wagonjwa zikaisha.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, Pendo alikuja nyumbani Buhembe. Amebeba mfuko wa dagaa, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Mawe alimkaribisha, akampa ndizi na maharage, akamsifu kwa kula, na alipoambiwa ni nani akamwongezea sahani ili apate muda wa kumtazama vizuri.

"Nimekuja kuomba radhi, dada," Pendo akasema tulipobaki wawili. "Jicho lile. Sikukusudia kukuumiza namna ile."

"Ni mchezo. Ila una moyo, Pendo. Mtu mwingine angepiga mapema sana."

"Angepiga nini?"

"Angepiga chini. Kujisalimisha. Nilikuambia upige."

Akaacha kutafuna. "Ndiyo, uliniambia nipige," akasema polepole. "Nikakuona umelala, umenibana, unaniambia piga, piga upesi. Nikasema huyu ananidharau. Uliponiachia tu, nikapiga."

Nilimtazama kwa jicho nililokuwa nalo.

"Hukuambiwa kwamba ukizidiwa unapiga mkono chini?"

"Justus alinikuta kwenye kokoto Jumatano. Pambano Jumamosi. Aliniambia mambo mawili, usikimbie na usilie." Machozi yakaanza kumtoka. "Dada, ningejua kuna kupiga chini, ningepiga hata kwa miguu."

Nilianza kucheka mimi. Tulicheka hadi Mawe akaja kuangalia kama tunapigana. Halafu kicheko kikaisha, na kilichobaki hakikuwa kizuri. Kwa wiki tatu nilikuwa nimewasimulia wagonjwa wenzangu, kisha kila mgeni wa nyumbani, ushujaa wa mwanamke aliyekubali kuvunjwa mkono kuliko kushindwa. Hapakuwa na shujaa pale. Palikuwa na mtu anayeumia ambaye hakuna aliyemwonyesha mlango.

Nikampeleka kwa Mwalimu. Mwalimu alimtazama mabega, akamtazama mkono, akasema, "Ukipona, njoo uanguke." Pendo akakaa kwetu miezi minane. Asubuhi alimsaidia Mawe kibanjani, jioni tulishuka Kahororo. Niliona wivu, sitaficha. Mimi nilichukua miezi mitatu kujua kuanguka. Yeye wiki tano.

Justus aliposikia tunafanya mazoezi pamoja alikuja mbio kutaka marudiano. Tukampa masharti. Kila mpiganaji afundishwe sheria kabla hajapanda. Mwamuzi akae na Mwalimu siku tatu. Na sheria zisomwe kwa kipaza sauti, mbele ya watazamaji.

"Mkiwaambia watu sheria," akalalamika, "msisimko unakwisha!"

"Wako utakwisha," Pendo akasema. "Wangu utaanza."

Akakubali, kwa sababu alikuwa na ukumbi mjini Bukoba na hana wa kuwapandisha. Refa alikuja Kahororo kweli. Mwalimu mwenyewe alimshika kufuli la mkono, kama nililomshika Pendo, akamwuliza kwa upole kama bado anaona mchezo uendelee. Mtu yule alipiga chini kwa mkono, kwa kisigino na, mimi nilikuwapo, kwa kichwa.

Jambo moja niliwaficha wote. Jicho la kushoto halikuwa limerudi. Nilimwambia Mwalimu daktari ameruhusu, na chai niliyomwaga mezani nilisema ni meza mbovu. Mazoezini nilijipanga Pendo awe kulia kwangu. Msidhani kwa vile niliwahi kumhurumia mtu nilikuwa mtu mwema. Nilikuwa na pambano moja la kushindwa na lilinichoma. Nilitaka kushinda, nilitaka Justus arudi redioni aseme hivyo, na nilikuwa tayari kuliweka rehani jicho zima kwa ajili ya sentensi moja ya Justus. Fikirini bei hiyo.

Ukumbi ulijaa. Refa akasoma sheria, watu wakapiga miayo. Tukainamiana, kwa matakwa ya Mwalimu, na mtu mmoja nyuma akauliza kama tunaomboleza. Kisha tukaanza.

Dakika ya kwanza nilimtupa. Ya pili alinipiga kushoto, ngumi iliyotoka mahali ambapo kwangu hapakuwapo na kitu. Ngumi nyingine ikatoka hukohuko. Nikamkumbatia, tukaegemea waya, masikio yetu yamegusana.

"Dada," akanong'ona, "huoni upande huo."

"Naona. Pigana."

Akanivuta nyuma kidogo, mkono mmoja bado shingoni mwangu, mwingine kushoto kwangu. "Nimeinua vidole vingapi?"

"Vitatu."

"Sijainua hata kimoja."

Alishusha mikono. Katikati ya pambano, mbele ya ukumbi mzima, mwanamke yule alishusha mikono yote miwili akasimama mbele yangu bila kinga. Kidevu chake kilikuwa wazi. Mtupo wangu ulikuwa tayari, nyonga inaujua hata gizani. Ningeshinda. Niliona upande wa kulia Mwalimu amesimama, ameelewa.

Nikapiga goti. Nikapiga mkono chini mara tatu, kwa nguvu, ili hata waliokaa nyuma wasikie.

Refa alisimamisha palepale, bila filimbi. Watu walizomea kama watu waliotoka mbali. Justus alishika kipaza sauti akatangaza kwamba Pendo ameshinda kwa kufuli la hatari, ingawa hakukuwa na mtu aliyemshika mwenzake. Yule mama wa rozari alikuwapo tena, amekuja kutoka Muleba yote ile, na alisema kwa sauti kwamba mchezo huu umeingiliwa na wanawake.

Pendo alinivua glovu yeye mwenyewe. Tukafika kwenye ngazi za kushukia.

"Ziko tatu," akasema.

"Naziona."

"Huzioni, dada. Nipe mkono."

Nikampa.